Mjadala: Kijana wa chuo anayekwenda NFL apimwe kwa saa au kwa mechi alizocheza?

Mleta mada, Michigan

Wakuu, heshima zenu. Nina jambo limenikaa rohoni tangu Aprili 2022, na kila msimu wa drafti ukikaribia linaamka upya. Leo nimeona nilitoe tulijadili.

Kwa wasiofuatilia futiboli ya Kimarekani: kila mwaka mwezi wa nne, timu 32 za NFL, ligi yao ya kulipwa, huchagua kwa zamu vijana waliotoka vyuo vikuu. Raundi ni 7, na aliyeshika mkia msimu uliopita ndiye anayeanza kuchagua. Wiki kadhaa kabla ya siku hiyo, vijana zaidi ya 300 huitwa Indianapolis kwenye Kombaini. Wanapimwa kimo, uzito, urefu wa mkono, upana wa kiganja. Wanaruka juu, wanaruka mbele, wanalala kwenye benchi na kusukuma chuma cha kilo 102 mpaka mikono igome. Halafu linakuja lile linalosubiriwa na wote, mbio za yadi 40, kama mita 36 na nusu. Kijana anakimbia peke yake. Hana kofia ngumu, hana pedi za mabega, hana mtu wa kumkaba.

Hoja yangu ni kwamba hizo sekunde nne na nusu zimepewa sauti kubwa kuliko miaka mitatu au minne ya mechi, na vijana wanaumizwa nazo.

Kisa kilichoniingiza kwenye ugomvi huu ni hiki. Tarehe 27 Novemba 2021 nilikuwa uwanjani Ann Arbor, theluji inadondoka, Michigan wanacheza na Ohio State. Nilivaa makoti mawili na bado meno yaligongana. Aidan Hutchinson siku ile alimwangusha kwotabeki wa Ohio State mara 3. Kumwangusha kwotabeki maana yake ni kumfikia yule anayeongoza mashambulizi na kumlaza chini kabla hajaurusha mpira, na kwa mlinzi wa pembeni hakuna kazi kubwa kuliko hiyo. Michigan walishinda 42-27. Watu wazima walikuwa wanalia karibu yangu, maana tulikuwa tumefungwa na hao jamaa mwaka baada ya mwaka. Hutchinson alimaliza msimu akiwa ameangusha mara 14.

Ikaja Kombaini. Travon Walker wa Georgia, mwenye uzito wa kilo 120 na ushei, akakimbia yadi 40 kwa sekunde 4.51. Msimu ule alikuwa ameangusha mara 6. Aprili ilipofika, Jacksonville Jaguars walimchagua Walker wa kwanza, Hutchinson akaenda Detroit Lions nafasi ya 2.

Jambo hili si geni. Mwaka 1995 Mike Mamula wa Boston College alijinoa kwa majaribio yale yale ya Kombaini, akawashangaza watu, na Philadelphia Eagles wakapanda hadi nafasi ya 7 ili wampate. Nafasi ya 12 Tampa Bay walimchukua Warren Sapp, ambaye leo yumo kwenye Ukumbi wa Magwiji. Mwaka 2008 New York Jets walimchukua Vernon Gholston nafasi ya 6 kwa ajili ya nguvu na kasi yake, na aliondoka NFL bila kumwangusha kwotabeki hata mara moja. Tazama na upande wa pili. Mwaka 2003 Anquan Boldin alikimbia kwa sekunde 4.71, taratibu mno kwa mpokeaji, yaani mdakaji wa pasi, akasukumwa hadi nafasi ya 54. Mechi yake ya kwanza ya NFL alivuna yadi 217, na msimu huo akadaka pasi 101. Mwaka huo huo Terrell Suggs, aliyeangusha makwotabeki mara 24 katika msimu mmoja akiwa Arizona State, alikimbia polepole mbele ya maskauti, wale wasaka vipaji wa timu, akateremka hadi nafasi ya 10 kwa Baltimore Ravens. Miguu iliyoonekana mizito ilicheza NFL misimu 17.

Skauti analipwa kuangalia mpira. Akishaangalia mechi 40 za kijana, saa inamwambia nini kipya?

Mdau, Columbus, Ohio

Mkuu, naomba kutofautiana nawe. Hiyo mechi ya theluji bado inatuuma huku kwetu, kwa hiyo siwezi kuidharau. Lakini umesimulia nusu.

Tarehe 31 Desemba mwaka ule ule, Georgia walikutana na hao Michigan wako kwenye nusu fainali. Matokeo ni 34-11, Georgia wakaendelea hadi ubingwa. Drafti ilipofika, walinzi 5 wa Georgia walichaguliwa raundi ya kwanza. Watano, kutoka chuo kimoja! Kwenye ulinzi wa namna ile, kuangusha makwotabeki kunagawanywa kama nyama ya shughuli, kila mmoja anapata kipande. Na Walker mara nyingi hakutumwa kumwinda kwotabeki. Alitumwa kubana njia, kuwabeba wazuiaji wawili, yaani wale wanaomlinda kwotabeki, ili mwenzake apite. Ukihesabu 6 dhidi ya 14 unalinganisha watu waliopewa kazi tofauti. Saa na mizani viliwaonyesha Jacksonville alichokuwa nacho mwilini ambacho kazi yake chuoni haikumruhusu kukitoa. Na hakuwa Gholston: mwaka 2023 aliangusha mara 10, mwaka 2024 mara 10 na nusu (nusu ni pale walinzi wawili wanapomwangusha kwotabeki pamoja).

Halafu tufikirie wale wasio na mechi 40. Ezekiel Ansah alitoka Ghana kwenda chuo cha BYU, akajaribu kikapu, akakimbia riadha, na futiboli akaianza mwaka 2010 bila hata kujua jinsi ya kuvaa pedi. Mwaka 2013 Detroit Lions walimchagua nafasi ya 5. Video za mechi zake zilikuwa chache. Kilichoonekana ni mtu wa kilo zaidi ya 120 anayekimbia yadi 40 chini ya sekunde 4.7. Mwaka 2015 aliangusha makwotabeki mara 14 na nusu. Na Jordan Mailata, Mwaustralia wa raga, alichaguliwa na Eagles mwaka 2018 nafasi ya 233 akiwa hajacheza mechi hata moja ya futiboli maishani. Urefu unazidi mita 2, uzito unazidi kilo 150, na miguu yake myepesi. Februari 2025 alitwaa Super Bowl, fainali ya NFL, akiwa mzuiaji wa kuanzia. Kwa kanuni yako, mkuu, hawa wawili wangebaki nje.

Mwalimu wa riadha, Eldoret

Nimesoma nyote wawili kwa makini. Futiboli yenyewe siijui kwa undani, lakini kushika saa ndiyo kazi yangu, na hiyo yadi 40 inanitatiza.

Kwanza, hakuna bastola. Mchezaji anaondoka anapotaka mwenyewe, kwa hiyo ile sehemu ya kusikia na kuitikia, ambayo kwenye mpira ndiyo kila kitu, haipimwi kabisa. Pili, saa huanzishwa kwa mkono wa mtu anapoona mchezaji ametikisika, kisha mitambo ndiyo inayoisimamisha mwishoni. Sisi huku muda wa aina hiyo hatuupeleki kwenye rekodi yoyote. Kidole cha mwanadamu kinachelewa, na kinachelewa tofauti kila mara. Sasa watu wanagombana juu ya 4.21 na 4.22, na kidole kile kinaweza kukosea zaidi ya tofauti hiyo.

Hizo namba mbili nimezitaja kwa makusudi. John Ross alikimbia 4.22 mwaka 2017, Cincinnati Bengals wakamchukua nafasi ya 9, na msimu wake wa kwanza hakudaka pasi hata moja. Xavier Worthy aliivunja rekodi hiyo mwaka 2024 kwa 4.21, na Kansas City wakamchukua nafasi ya 28. Mwaka 2019 huko Atlanta, Usain Bolt akiwa ameshastaafu na amevaa suruali ya mazoezi alikimbia 4.22. Hakuna aliyesema Bolt ni mpokeaji wa NFL.

Hata hivyo simuungi mkono mleta mada moja kwa moja. Nina vijana hapa wenye miili ya ajabu ambao hawajawahi kuushika mpira ule. Mkenya mwenzetu Daniel Adongo alitoka kwenye raga, Indianapolis Colts wakamsajili mwaka 2013 bila kupitia chuo chochote cha Marekani. Mwaka 2023 NFL walileta kambi yao Nairobi. Kijana wa Turkana au wa Kisumu atawaonyesha mechi gani wale maskauti? Mlango wake ni tepu na saa. Ukiufunga, umemfungia yeye na wala si kijana wa Michigan.

Mdau, Louisville, Kentucky

Ndugu zangu, mimi ni Mkongomani, nimetokea Uvira, na sasa naishi hapa Louisville ambapo jamaa zetu wengi wanaongea Kiswahili. Nawasikia mkisema "tuangalie mechi" kana kwamba mechi inajieleza yenyewe. Mechi inasomwa na macho ya mtu, na macho yana historia yake.

Lamar Jackson alicheza hapa kwetu. Mwaka 2016 alishinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vya nchi nzima, akiwa na miaka 19. Video zake zilikuwa nyingi kupita maelezo. Pamoja na hayo, kabla ya drafti ya 2018, Bill Polian, meneja aliyemo kwenye Ukumbi wa Magwiji, alisema hadharani kwamba kijana huyu aache kuwa kwotabeki ahamie kwenye upokeaji. Jackson alikataa hata kukimbia yadi 40, maana alijua wakiuona muda wake watapata kisingizio cha kumwondoa kwenye nafasi yake. Makwotabeki 4 walichaguliwa kabla yake. Ravens walimpata nafasi ya 32, ya mwisho kabisa ya raundi ya kwanza. Mwaka 2019 alikuwa mchezaji bora wa NFL kwa kura zote 50, na Polian akakiri kwamba alikosea. Mwaka 2023 Jackson aliichukua tuzo hiyo tena.

Rudi nyuma zaidi. Warren Moon alikuwa mchezaji bora wa Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, ya Januari 1978. Mamilioni waliiona mechi hiyo. Drafti ilipita bila timu hata moja kumwita, kwa sababu walitaka ahame nafasi na yeye hakutaka. Yeye alikwenda Edmonton, Kanada, akachukua vikombe 5, ndipo NFL wakamfungulia. Leo yumo kwenye Ukumbi wa Magwiji, kwotabeki Mweusi wa kwanza kuingia humo.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba jicho la skauti linatosha, napata baridi. Jicho hilo hilo lilimtazama Moon likaona mpokeaji. Saa, pamoja na kidole cha mwalimu wa Eldoret, haioni rangi ya mtu. Mnyonge akipewa kipimo kinachosomeka na wote, anapata pa kushika.

Mleta mada, Michigan

Ndugu wa Louisville, nimekaa na maneno yako tangu jana usiku. Hilo la Moon sikuwa na jibu lake. Ila niulize: Jackson aliikwepa saa kwa sababu alijua itatumika dhidi yake. Kipimo kisichoona rangi kikiwekwa mikononi mwa mtu anayeiona, si kinageuka fimbo yake?

Mdau, Louisville, Kentucky

Ndiyo, kinageuka. Lakini fimbo ya namba unaweza kuionyesha watu wakaiona. Ile ya "nimemtazama sijaridhika" utaionyesha nani?

Mdau, Dar es Salaam

Niongeze kitu kidogo tu. Richard Thaler, yule mchumi aliyepata Nobel mwaka 2017, na mwenzake Cade Massey waliichunguza drafti hii kwa miaka mingi ya matokeo. Walichukua mchezaji aliyechaguliwa na yule aliyemfuata kwenye nafasi ile ile ya uwanjani, wakauliza ni mara ngapi wa kwanza alikuwa bora kuliko wa pili. Jibu lilikuwa asilimia 52. Karibu sawa na kurusha shilingi. Waliona pia kwamba timu zinalipa mno ili kupanda juu kwenye foleni, kwa sababu kila meneja anaamini jicho lake ni kali kuliko la wenzake.

Yaani mnabishana saa au mechi, na watu wenye vyote viwili, pamoja na madaktari na ndege za kuwapeleka popote, wanapata 52.

Mama wa mchezaji, Houston

Wanangu na kaka zangu, naomba na mimi nisikike, maana wengi humu mnasema kama watazamaji na mimi nasema kama mzazi. Mwanangu ana miaka 17, anacheza ulinzi shule ya sekondari. Mwaka jana tulimpeleka kwenye kambi moja ya majaribio. Kabla hajagusa mpira walimsimamisha ukutani, wakampima, mtu akaandika kitu, akamwambia "mfupi". Tuliendesha gari saa 3 kurudi nyumbani na hakusema neno. Tangu siku hiyo analala na kitabu cha mazoezi ya kunyoosha mgongo kando ya mto.

Madaktari siwapingi. Kombaini yenyewe ilianza miaka ya 1980 ili timu zisikodi madaktari kila moja kivyake kwa kijana yule yule. Mwaka 2013 Star Lotulelei aligunduliwa pale kuwa na hitilafu ya moyo, akazuiwa kufanya majaribio, akapimwa tena mpaka akaruhusiwa, na Carolina Panthers wakamchukua nafasi ya 14. Mzazi yeyote angeshukuru kujua moyo wa mwanawe uko vipi.

Kinachonichoma ni mengine. Mwaka 2010 Dez Bryant aliulizwa na timu swali la kumdhalilisha mama yake mzazi, na Jeff Ireland wa Miami Dolphins akaja kuomba radhi hadharani. Mwaka 2016 Eli Apple aliulizwa na kocha mmoja wa Atlanta Falcons kama anapenda wanaume, wakaomba radhi tena. Hayo yanapima nini? Kijana hawezi kusimama akaondoka, maana aliyekaa mbele yake ndiye mwenye mkate.

Na mitihani ya akili. Kwa miaka mingi waliwapa maswali 50 kwa dakika 12, mpaka mwaka 2022 wakauondoa mtihani ule kwenye Kombaini. Ukaja mwingine wa kompyuta. Mwaka 2023 ilivuja habari kwamba C.J. Stroud alipata alama za chini sana, na wiki nzima watu wa televisheni wakamjadili kijana wa miaka 21 kama ana akili au hana. Hapa Houston tulimpata nafasi ya 2. Akawa mchezaji mgeni bora wa mashambulizi, akaipeleka timu kwenye mtoano, wakawafunga Cleveland 45-14. Alama zake hazikupaswa kutoka nje ya chumba kile. Nani aliadhibiwa kwa kuzitoa? Mleta mada ameuliza saa au mechi. Mimi nauliza kipimo kikishachukuliwa kinakuwa mali ya nani. Mwanangu alipimwa bure, na kile kijikaratasi kipo kwenye faili la mtu ambaye simjui.

Mwalimu wa riadha, Eldoret

Mama, pole sana. Mwambie kijana kitabu cha kunyoosha mgongo akiweke kando, mgongo haurefuki kwa mazoezi na anaweza kujiumiza. Aaron Donald aliambiwa ni mfupi mno kwa nafasi yake, akachaguliwa wa 13 mwaka 2014, akawa mlinzi bora wa NFL mara 3. Afanyie kazi hatua tatu za kwanza na mikono. Hizo zinafundishika.

Mama wa mchezaji, Houston

Asante mwalimu. Nitampa asome maneno yako mwenyewe.

Mleta mada, Michigan

Nimejifunza mengi na sitajifanya nimesimama pale nilipoanza. Mwalimu wa Eldoret na mdau wa Columbus wamenishika kwenye jambo moja: kwa asiye na mechi, saa ndiyo barua yake ya utambulisho. Hilo nalikubali bila masharti. Brock Purdy alikuwa na kinyume chake. Misimu 4 akianza kama kwotabeki wa Iowa State, kila kitu kiko kwenye video, na bado mwaka 2022 alichaguliwa wa 262, wa mwisho kabisa, kwa sababu kimo na nguvu za mkono havikuwavutia. Februari 2024 alikuwa kwenye Super Bowl na San Francisco. Mwaka 2025 akasaini mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 265. Kwa kijana kama huyo, saa ilikuwa na kazi gani?

Kwa hiyo napendekeza mpangilio. Skauti aandike ripoti ya mechi mwezi Januari, aitie sahihi, ifungwe. Ndipo aende Indianapolis. Akirudi na saa inayopingana na ripoti yake, arudi kwenye video atafute sababu, na alichokibadilisha akiandike kwa jina lake. Kama ni kimo, aandike kimo. Kama ni hisia tu, aandike hisia. Ndugu wa Louisville, nadhani hapo na wewe unapata ile fimbo inayoonekana. Na majibu ya mitihani na mahojiano, kama alivyosema mama, kijana apewe nakala, na timu iliyovujisha ipokonywe nafasi yake ya kuchagua.

Mdau, Columbus, Ohio

Mpangilio huo hata mimi naukubali, isipokuwa sioni meneja atakayekubali kuandika kwa jina lake kwamba alibadilisha mawazo. Ajira zao ni fupi.

Lakini mkuu, hujajibu la Walker. Tufanye wewe ndiye Jacksonville, Aprili 2022, ripoti ya Januari umeifunga, umerudi kutoka Indianapolis na ile 4.51 mkononi, na unajua kazi aliyokuwa anapewa Georgia. Unamchukua nani?

Mleta mada, Michigan

Hutchinson. Nilimwona kwenye theluji robo ya nne, wazuiaji wamechoka na yeye bado anakuja. Hilo Walker angeweza kuwa nalo pia, sikatai. Ila la Hutchinson nililiona.

Mdau, Columbus, Ohio

Na mimi Walker. Tukutane Novemba.